Deni limelipwa, mbona usingizi haurudi?

Shikamoo Shangazi,

Naandika usiku, watoto wamelala. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunaishi Kyerwa, upande wa Nkwenda. Mume wangu ana miaka 43, mkulima wa ndizi na kahawa. Mwaka juzi mnyauko uliingia kibanjani, tukapoteza zaidi ya nusu ya migomba. Mtoto wetu mkubwa alikuwa anaanza chuo, pesa hakuna, mume wangu akauza kahawa ikiwa bado maua. Butura unaijua, Shangazi. Msimu ulipofika mnunuzi alichukua yote, sisi tukabaki kuangalia magunia yakipakiwa. Iliuma, lakini deni liliisha. Tangu Julai mwaka jana hatudaiwi na mtu.

Hapo ndipo ninaposhindwa kuelewa. Badala ya kupata nafuu, amezidi. Saa nane usiku anaamka, anatoka, anakaa kwenye gogo nje ya jiko mpaka kunapambazuka. Zamani alikuwa mtu wa rubisi kidogo siku ya Jumapili, sasa ni gongo kila jioni. Kanisani haendi. Shambani anafika saa nne, anasimama tu. Watoto wakicheka anafoka. Hospitali wamempima malaria mara tatu, wamempa dawa za vidonda vya tumbo, hakuna kilichobadilika. Mganga alisema amerogwa na kaka yake kwa sababu ya mpaka wa shamba. Huyo kaka ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufa miaka ile ya gonjwa, yeye akiwa darasa la tano. Sasa hawasemezani, wala hatupiti njia ya kwake. Mchungaji anasema tuombe, na tunaomba.

Krismasi alikuja mdogo wa mume wangu anayesoma Mwanza. Akachukua daftari la mtoto, akachora viduara na mistari, akasema huko Ulaya kuna wataalamu ambao hawaulizi tena "ni ugonjwa gani", wanachora mtandao. Mume wangu aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu kuliko alivyotazama kitu chochote mwaka mzima. Halafu akaikunja, akaitia mfukoni.

Shangazi, ni kweli haya au ni maneno ya wasomi? Na kama deni limekwisha, kwa nini ugonjwa hauishi? Nianzie wapi?

Mama wa Wanne, Nkwenda

* * *

Marahaba, mwanangu. Na pole kwa usiku wote huo ambao yeye yuko kwenye gogo na wewe uko kitandani macho wazi ukimsikiliza.

Ile karatasi usimwombe, wala usimpekue mfukoni. Iache kwake, tutairudia.

Jambo moja halisubiri barua yangu ifike mwisho. Je, amewahi kusema kwamba amechoka kuishi, au kwamba ninyi mngekuwa na nafuu bila yeye? Muulize kwa maneno ya wazi, mkiwa wawili tu. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi mtu hupumua kwa kuona kuna aliyethubutu kuliuliza. Akijibu ndiyo, au akikaa kimya, kimya kile unachokijua wewe mke wake, usimwache peke yake, na mfike hospitali siku hiyo hiyo. Leo hii, hata kabla hujamuuliza, toa nyumbani dawa za kuulia wadudu wa kahawa na maharage, upeleke kwa jirani unayemwamini akutunzie. Fanya hivyo hata kama unaona hakuna hatari.

Sasa maswali yako. Shemeji yako hakubuni. Uholanzi, katika Chuo Kikuu cha Amsterdam, yuko mtafiti aitwaye Denny Borsboom. Yeye na wenzake, akiwemo Angélique Cramer, walianza kuyaandika mambo haya kwa upana mwaka 2010, na mwaka 2017 Borsboom akaiweka nadharia nzima mahali pamoja. Nitakueleza kwa kitu ambacho wewe unakijua kuliko wao.

Mnyauko ulipoingia kwenu, uliona majani yakilegea na kugeuka njano, ndizi zikiiva kabla ya wakati, na ulipokata shina ukaona ute wa njano ukitoka. Dalili tatu, lakini nyuma yake kuna kitu kimoja: bakteria. Jani lililogeuka njano halikuiambia ndizi iive. Vyote viwili ni kazi ya huyo mdudu asiyeonekana, na ndiyo maana kumenya ndizi zilizoiva mapema hakukuponyesha mgomba. Malaria iko hivyo hivyo. Homa, kichwa, kutapika, vyote vinatoka kwa kimelea mmoja, ukimuua vinaondoka pamoja.

Kwa miaka mingi sonona, ambayo wengi wetu huiita tu "mawazo", ilitazamwa kwa jicho hilo. Ilidhaniwa kuna kitu kimoja kimejificha ndani ya mtu, na kukosa usingizi, uchovu, hasira na kujiona hufai ni moshi wa moto huo mmoja. Akina Borsboom wakauliza: itakuwaje kama moto huo mmoja haupo? Mtu asiyelala huamka amechoka. Aliyechoka halimi. Asiyelima huona aibu mbele ya mke na watoto. Mwenye aibu hukwepa watu. Aliyewakwepa watu hubaki na mawazo yake, na mawazo hayo ndiyo yanayomwamsha saa nane usiku. Hapo kila dalili inamsukuma mwenzake, na mtandao wenyewe ndio ugonjwa. Viduara alivyochora shemeji yako ni dalili. Mistari ni misukumo kati yake. Mstari ukiwa mnene, uhusiano una nguvu.

Ndiyo maana nimelishika swali lako la pili kuliko yote. Umeuliza kwa nini deni limekwisha na ugonjwa haujaisha. Katika nadharia hii, jambo la nje kama mnyauko au butura linaweza kuwasha mtandao, kisha likaondoka, na mtandao ukaendelea kujiendesha wenyewe kama mistari yake ina nguvu ya kutosha. Deni lilimkosesha mume wako usingizi. Leo deni halipo, lakini kukosa usingizi kumeshapata mwenye kukulisha: pombe, aibu, upweke. Kwa hiyo hukukosea kushangaa, na yeye hajifanyishi. Najua hapo kijijini wapo wanaosema ni uvivu, kwamba mtu asiyedaiwa ana sababu gani ya kukesha. Wakisema hivyo mbele yake, wanaongeza uzito kwenye kiduara cha aibu.

Hawa wanaochora mitandao wana jingine linalonifanya niwaheshimu. Wanakataa kuwatia watu wote kwenye gunia moja. Mwaka 2015 Eiko Fried na Randolph Nesse walipitia kumbukumbu za wagonjwa 3,703 wa sonona huko Marekani, wakahesabu mipangilio ya dalili zao. Walikuta mipangilio tofauti 1,030. Wagonjwa hao wote wameandikiwa jina moja kwenye faili, lakini huyu halali, yule analala kutwa. Huyu hali, yule anakula bila kushiba. Kwa hiyo jirani akikuambia "hata shemeji yangu wa Kaisho alikuwa na mawazo, alipona kwa dawa fulani," mshukuru, lakini mtandao wa shemeji yake huenda haufanani na wa mume wako.

Mwaka huo huo Fried na wenzake walitazama wazee 515 wa Marekani, 241 kati yao wamefiwa na mume au mke. Walitaka kujua kifo kinaingilia mlango upi. Wengi tungesema huzuni. Walichokiona ni kwamba kufiwa kuligusa upweke kwanza, na upweke ndio ulioelekea kuamsha mengine.

Nilipolisoma hilo niliweka kitabu chini. Matanga ya mume wangu yalipokwisha na watu wakatawanyika, nililia kidogo kuliko nilivyotegemea. Kilichonimaliza ni sufuria. Nilikuwa na sufuria ya ndizi ya watu wawili, na kila jioni nilimenya ndizi za watu wawili kabla ya kukumbuka. Baada ya wiki tatu nikaacha kupika, baada ya miezi miwili nikaacha kulala. Aliyenitoa humo ni mama mmoja jirani, mjane kama mimi, aliyeanza kuja na chakula chake kila saa moja jioni, tukala pamoja, mara nyingi bila kusema lolote. Hakugusa huzuni yangu. Alishika jioni, na jioni ilipokaa sawa, usingizi ulikuja wenyewe.

Nisikupambie habari. Wataalamu wenyewe bado wanabishana kuhusu mitandao hii. Michoro mingi imetokana na kuwauliza maelfu ya watu mara moja tu, na mchoro wa maelfu si lazima uwe mchoro wa mtu mmoja. Mistari yake mara nyingi haina kichwa cha mshale: inaonyesha kwamba usingizi na hasira vinakwenda pamoja, haisemi kipi kinamwongoza mwenzake. Wapo waliotumaini kwamba ukikipata kiduara chenye mistari mingi zaidi umepata pa kukata, na wengine wakaonyesha kwamba mambo hayaendi kirahisi hivyo. Kwa hiyo ichukue kama namna ya kutazama, na dawa za hospitali usizidharau kwa ajili yake. Kidonge kinaweza kuwa mkono mmojawapo unaolegeza mstari.

Lakini kwamba ukishika uzi mmoja nyingine hulegea, hilo lina ushahidi wa karibu sana nasi. Mwaka 2002, ng'ambo tu ya mpaka wa Mutukula, katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, watafiti wakiongozwa na Paul Bolton walifanya kazi katika vijiji 30. Kwanza waliwauliza wenyeji wanayaitaje mateso haya. Wakapewa majina mawili ya Kiganda: yo'kwekyawa, kujichukia, na okwekubazida, kujisikitikia. Kisha katika nusu ya vijiji wakaunda vikundi, wanaume kwao na wanawake kwao, vikikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Waongozaji walikuwa watu wa huko huko waliofundishwa kwa wiki mbili tu. Hawakugawa vidonge wala hawakuchora mitandao. Walizungumza mambo ya watu kwa watu: msiba ambao haujakaa sawa, ugomvi, na maisha yaliyobadilika ghafla. Mwanzoni asilimia 86 ya waliokuwa kwenye vikundi walikuwa na sonona. Mwishoni asilimia 6.5. Katika vijiji visivyo na vikundi ilishuka pia, kutoka 94 hadi 54.7, lakini ona pengo. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa njia hiyo ili hata asiye daktari aweze kufundishwa. Wale walikuwa wakulima wa migomba kama ninyi.

Msiba, ugomvi, maisha yaliyobadilika. Soma tena barua yako, mwanangu. Vyote vitatu umeviandika mwenyewe.

Na kimoja umekipitia mbio mbio, kwa sentensi moja, kama mtu anayeruka dimbwi. Kaka. Mkoa wetu ndiko walikotambuliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini, mwaka 1983, na watoto walioachwa na wimbi lile ndio baba na mama wa leo. Mume wako alibaki bila wazazi akiwa darasa la tano. Huyo kaka ndiye baba aliyebaki. Sitabishana nawe wala na mganga kuhusu kurogwa. Tuliweke neno hilo kwenye karatasi kama tunavyoweka mengine, tuone limefanya nini. Limekata njia ya kwenda kwa kaka. Limemwondolea mume wako mtu pekee anayemkumbuka akiwa mtoto, na limemwachia hofu ya kitu asichoweza kukilima wala kukilipa. Tangu neno hilo lisemwe, amelala vizuri zaidi au vibaya zaidi? Jibu unalo.

Basi, cha kufanya. Chagua asubuhi, kabla ya pombe, siku ambayo hajafoka. Kaa naye chini, umwage maharage kiganja kimoja kwenye mkeka. Mwambie, "Lile jambo alilochora mdogo wako, nimelifikiria, nataka unifundishe." Akitoa karatasi yake mwenyewe mfukoni, ndilo nililotaka kwa kukuzuia usiiombe. Asipoitoa, choreni nyingine. Kwa kila kiduara mwambie aweke punje: sifuri kama hakimsumbui, tano kama kinamsumbua sana. Usimwekee wewe. Pengine utashangaa. Wewe utadhani kubwa ni pombe, yeye akaweka punje mbili kwenye pombe na tano kwenye kitu ambacho hamjawahi kukitaja. Ongezeni kiduara hicho.

Kwa wiki mbili fanyeni hivyo asubuhi na jioni, uandike kwenye daftari namba tu. Baada ya hapo angalieni siku mbaya zimetanguliwa na nini. Usiku wa gongo nyingi, kesho yake hasira ikoje? Siku aliyofika shambani mapema, usiku alilala saa ngapi? Huko Uholanzi mtafiti Marieke Wichers na wenzake walimfuata hivyo mwanamume mmoja wa miaka 57, aliyekuwa akipunguza dawa zake taratibu, kwa siku 239, akijibu maswali kwenye kifaa mara hadi kumi kwa siku. Kabla hajaanguka tena, namba zake zilibadilika mwendo: kilichomuudhi kilichelewa kumtoka, hali ya saa hii ikaburuta hali ya saa ijayo. Hili waweza kulitazama hata bila kifaa. Zamani akifoka asubuhi, hasira ilikuwa imeisha mkifika kwenye chakula cha mchana. Ukiona sasa ya asubuhi inafika usiku, na ya jana inaamka naye leo, huo ndio wakati wa kumsogelea zaidi na kurudi kwa mganga wa hospitali.

Kuhusu gongo, angalia sana. Pombe humpa usingizi wa kwanza, halafu inamwibia wa pili. Huenda ile saa nane ni kazi yake. Lakini kama anakunywa kila siku asiache kwa siku moja. Mwili uliozoea unaweza kutetemeka hata kuanguka kifafa. Apunguze taratibu, na kwa ushauri wa mganga wa hospitali. Awe na saa moja ya kuamka kila siku, hata kama alikesha, na mchana asilale. Akiamka saa nane akatoka nje, hilo halina ubaya. Ubaya ni chupa inayotoka naye.

Hospitali rudini, safari hii bila kusema tumbo wala malaria. Sema: "Halali usiku kwa miezi mingi, anakunywa kila siku, amejitenga, naomba aangaliwe kwa sonona." Sentensi hiyo inabadilisha njia nzima ya daktari. Wapime damu pia, maana upungufu wa damu na magonjwa ya tezi ya shingo huweza kuiga dalili hizi. Ikihitajika rufaa, hospitali ya mkoa iko Bukoba, na ya kanda ni Bugando, mdogo wake yuko hapo hapo Mwanza. Maombi yaendelee. Ila mwambie mchungaji kwamba mnahitaji na wazee wawili wa kanisa waje kumsalimia nyumbani, wakae, wanywe uji, wasihubiri.

Na kaka. Usiitishe kikao cha ukoo. Kikao kitauliza habari za mpaka na uchawi, na mume wako atatoka humo amebeba zaidi ya alivyoingia. Mnapaswa kurudishia migomba kwenye ile nusu iliyong'olewa, na mashimo ni mengi kwa mtu mmoja asiyelala. Mpigie kaka wewe mwenyewe, au mdogo wao aliyeko Mwanza ampigie, aombe kitu kimoja tu: aje na jembe lake Jumamosi moja, achimbe nao. Ni yeye aliyemfundisha mume wako kuchimba shimo la mgomba, sivyo? Usiwakalishe wakitazamana. Wape mistari miwili ya mashimo, bega kwa bega, wewe upike, na uache kitambo kirefu kabla ya kuwaita kula.

Asipokuja Jumamosi ya kwanza, piga tena. Daftari lako la namba nitumie kahawa ikianza kuchumwa. Nataka kuona saa anazolala kabla ya Jumamosi hiyo na baada yake.

Shangazi